Krapf: Mmishenari aliyekuja Mombasa kufundisha, akaanza kwa kufundishwa

Mapema mwaka wa 1844, Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Unguja na wa sehemu kubwa ya pwani ya Afrika Mashariki, alimkabidhi mgeni mmoja wa Kizungu barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake. Barua yenyewe ilikuwa fupi. Ilieleza kwamba mbebaji wake alikuwa mtu mwema aliyetaka kuwaongoza walimwengu kwa Mungu, na ikawaamuru maliwali wamtendee wema na kumsaidia kila mahali atakapofika.

Mgeni huyo alikuwa Johann Ludwig Krapf, Mjerumani mwenye umri wa miaka 34, aliyetumwa na shirika la kimishenari la Kanisa la Uingereza, Church Missionary Society. Ni ajabu kiasi kwamba kazi ya kueneza Ukristo katika nchi ambayo baadaye iliitwa Kenya ilianza kwa kibali cha mtawala Mwislamu, na kwamba chini ya miezi sita baadaye iliendelezwa kwa msaada wa kadhi wa Mombasa. Krapf hakuwa amelipanga jambo hilo. Hata Mombasa yenyewe hakuwa ameipanga.

Alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, katika ufalme wa Württemberg, kusini mwa Ujerumani. Baba yake alikuwa mkulima. Akiwa na umri wa miaka 11 hivi, alipigwa vibaya na jirani kwa kosa ambalo hakulitenda, akaugua kwa miezi kadhaa. Kitandani humo ndimo alimozoea kusoma Biblia, na wavunaji walipopumzika mashambani aliwasimulia hadithi za Agano la Kale alizokuwa amezihifadhi.

Alipopelekwa shule mjini Tübingen alionekana upesi kuwa na kipaji cha lugha. Baba yake alimnunulia ramani za dunia, na kijana akavutiwa na sehemu ya Afrika Mashariki ambayo wachoraji walikuwa wameiacha karibu tupu. Majina yalikuwa machache upande wa Somalia na Adal, naye akajiuliza iwapo huko hakukaliwi na watu bali fisi tu. Ndoto yake ya kwanza ilikuwa kuwa nahodha wa meli. Wazo la umisheni lilimjia baadaye, baada ya kusikia shuleni habari za wahubiri waliotumwa nchi za mbali.

Mwaka wa 1827 alijiunga na chuo cha umisheni cha Basel, Uswisi, lakini hakukaa sana. Alikuwa akisoma maandishi ya wacha Mungu waliotilia shaka elimu ya vitabu, akaingiwa na wasiwasi kuhusu wito wake, akarudi nyumbani. Alisomea theolojia katika chuo kikuu cha Tübingen, akawa kasisi msaidizi, kisha akajitia matatani na wakubwa wake kwa mahubiri makali juu ya mwisho wa dunia. Rafiki yake Peter Fjellstedt, mmishenari kutoka Sweden, ndiye aliyemrudisha katika njia ya awali na kumwonyesha mlango wa shirika la Waingereza.

Kituo chake cha kwanza kilikuwa Ethiopia, alikoelekea mwaka wa 1837. Huko alionja kila aina ya taabu inayoweza kumpata kijana ugenini. Yeye na wenzake walifukuzwa Tigray mwaka wa 1838. Alihamia ufalme wa Shewa, akaishi kwa karibu miaka mitatu chini ya ulinzi wa Mfalme Sahle Selassie, na hapo akakutana na Waoromo, ambao Wazungu wa siku hizo waliwaita Wagalla. Alishawishika kwamba taifa hilo kubwa lingekuwa kitovu cha Ukristo barani Afrika. Akajifunza lugha yao na kuanza kuitafsiria sehemu za Injili. Mwaka wa 1842 alisafiri kwenda pwani, akaporwa njiani na mtawala mmoja wa huko, akafika baharini mikono mitupu. Alipotaka kurudi Shewa, njia ikafungwa.

Katika mwaka huo huo, nchini Misri, alimwoa Rosine Dietrich, binti aliyetoka Ulaya kuja kufunga ndoa naye. Historia imemtaja Rosine kwa uchache mno, ilhali maisha aliyoyapokea yalikuwa magumu kuliko ya mumewe. Wakiwa wanajaribu tena kuingia Ethiopia kupitia pwani ya Bahari ya Shamu, alijifungua mtoto wa kike kabla ya wakati, nyikani. Mtoto huyo aliaga dunia. Wazazi walikuwa wamempa jina la Kiamhari lenye maana ya machozi.

Kwa kuwa njia ya kaskazini ilizibwa, Krapf aliamua kuwafikia Waoromo kwa kuzunguka kusini. Mnamo Novemba 1843 yeye na Rosine walipanda chombo cha Waarabu mjini Aden. Dhoruba iliwakumba, chombo kikaanza kuvuja, na nusura wazame kabla ya kuokolewa na kurejeshwa bandarini. Siku chache baadaye walipanda chombo kingine. Walipita Mombasa mwanzoni mwa Januari 1844, wakafika Unguja tarehe 7 mwezi huo, na huko balozi wa Uingereza, Atkins Hamerton, akamfikisha Krapf mbele ya Sultani.

Kwa hiyo Mombasa, machoni pa Krapf, ilikuwa kama ukumbi wa nyumba ambayo chumba alichokitamani kilikuwa mbali ndani. Alihamia kisiwani mnamo Mei 1844 akiwa na nia ya kukaa kidogo, kujifunza lugha, kisha kusonga mbele. Mji ulikuwa chini ya Sayyid Said tangu mwaka wa 1837, ulipotwaliwa kutoka mikononi mwa Wamazrui. Wakazi wake hawakuwa watu wa kushangazwa na mgeni. Waliwaona Wareno kwa miaka mingi, Wahindi, Waarabu wa Hadhramaut na Oman, na hata Waingereza waliokuwa na kituo hapo kwa muda mfupi katika miaka ya 1820. Mzungu asiyeuza wala kununua kitu, hata hivyo, alikuwa jambo geni.

Kilichomsaidia ni Kiarabu, ambacho alikuwa amejifunza akiwa Misri. Aliweza kuzungumza na maliwali, wafanyabiashara na wanazuoni bila mkalimani. Lakini upesi alitambua kwamba Kiarabu kilikuwa lugha ya wachache na kwamba mji ulizungumza kingine. Hapakuwa na kamusi ya Kiswahili wala kitabu cha sarufi ambacho angeweza kununua. Lugha yenyewe ilikuwa na mashairi na tenzi zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu karne nyingi, lakini mgeni wa kutoka Ulaya hakuwa na pa kuanzia ila kuuliza.

Krapf akauliza. Aliwauliza watumishi, mabaharia, wauzaji na wazee, akaandika kila neno alilosikia pamoja na maana yake. Tarehe 8 Juni 1844, muda mfupi tangu ahamie, alikaa na kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Mueddin, mwenye asili ya Barawa, wakaanza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Krapf aliihesabu siku hiyo kuwa miongoni mwa siku kuu za maisha yake.

Inafaa kutua kidogo hapa. Mwanazuoni wa Kiislamu alikubali kukaa na mhubiri wa Kikristo, naye akamsaidia kutafuta maneno ya kuelezea kuumbwa kwa mbingu na ardhi. Habari za Adamu na Hawa hazikuwa ngeni kwa kadhi, na pengine ndiyo sababu kazi ilianzia hapo. Hata hivyo, Krapf katika maandishi yake aliuhukumu Uislamu kwa ukali usiokuwa na shukrani nyingi. Alikula ukarimu wa mji na kupokea elimu yake, lakini hakuwahi kukiri kwamba dini ya wenyeji wake ilihusika kwa vyovyote na wema waliomtendea. Huo ni upungufu ambao msomaji wa leo hawezi kuufumbia macho.

Furaha ya Juni ilidumu wiki chache tu. Mvua zilikuwa zimenyesha, na homa ikaingia nyumbani. Siku hizo hakuna aliyejua kwamba malaria huenezwa na mbu. Jambo hilo lilithibitishwa mwishoni mwa karne ya 19, zaidi ya miaka 50 baadaye. Krapf aliugua kwanza. Rosine, mjamzito, akamwuguza, na tarehe 6 Julai akajifungua mtoto wa kike. Muda mfupi baada ya hapo yeye mwenyewe akashikwa na homa.

Mume na mke walilala wagonjwa katika nyumba moja, kila mmoja akiwa hana nguvu za kumsaidia mwenzake. Rosine alifariki tarehe 13 Julai 1844. Krapf alilazimika kujikokota kutoka kitandani kwenda kuhakikisha kwamba kweli pumzi imemtoka. Kwa siku chache mtoto aliendelea kuishi, kisha naye akafa, akazikwa pamoja na mama yake.

Rosine alikuwa ameomba asizikwe kisiwani bali bara, ng'ambo ya maji, kando ya njia, ili wapita njia kutoka vijiji vya ndani walione kaburi lake na kukumbuka sababu iliyomleta. Ombi hilo lilitimizwa, akazikwa upande ambao leo ni Nyali.

Barua ambayo Krapf aliiandikia kamati ya shirika lake London baada ya msiba huo imekuwa maarufu kuliko maandishi yake mengine yote. Ndani yake aliwaarifu kwamba sasa pwani ya Afrika Mashariki kulikuwa na kaburi la peke yake la mtu wa misheni hiyo, na kwamba kaburi hilo liwe kwao ishara kuwa vita vimeanza katika sehemu hii ya dunia. Aliwasihi wasirudi nyuma bali watume watu zaidi. Kizazi baada ya kizazi cha wahubiri kimeisifu barua hiyo kwa ujasiri wake. Anayeisoma kwa makini ataona pia mtu wa miaka 34, mpweke, anayejaribu kuupa maana msiba ambao angeweza kujilaumu kwao. Yeye ndiye aliyemleta Rosine Mombasa.

Kwa karibu miaka miwili baada ya hapo hakuwa na mwenzake wa misheni. Hakuondoka. Alirudia daftari lake la maneno, akaendelea kutafsiri, na homa ilipompa nafasi alivuka kwenda bara kuzuru vijiji vya watu ambao Waswahili waliwaita Wanyika, jina ambalo wenyewe hawakulipenda na ambalo baadaye lilitupwa wakachagua kujiita Mijikenda. Alifika Rabai, Ribe, Kambe, Duruma na kwingineko, na akaanza kujifunza lugha zao pia. Pole pole mtu aliyekuja kupita alianza kuwa mkazi.

Tarehe 10 Juni 1846 alipata mwenzake, Johannes Rebmann, kijana wa miaka 26 kutoka Gerlingen, Württemberg. Wote wawili wakaomba ruhusa ya kuhamia Rabai, juu ya vilima, kiasi cha kilomita 20 kaskazini magharibi mwa Mombasa. Wazee walikubali bila ubishi mwingi. Walisema kwamba ndege wana viota, kwa hiyo Wazungu nao hawana budi kuwa na nyumba.

Uhamisho ulifanyika tarehe 25 Agosti 1846, na haukuwa na fahari yoyote. Wote wawili walikuwa na homa. Walikuwa na punda mmoja, wakapokezana kumpanda huku wakikwea mlima, aliyekuwa chini akijikokota kwa miguu.

Katika ibada ya kwanza walihudhuria watu wachache. Ilipomalizika, mmoja wa wazee aliuliza kuhusu wali na tembo, kwani kama havikuwepo hakuona sababu ya kuja tena. Krapf aliandika jambo hilo kama ushahidi wa ugumu wa mioyo ya watu. Kwa mzee wa Rabai swali lilikuwa la haki kabisa. Sadaka na maombi ya kaya huandamana na kula pamoja, na anayewaita wazee bila kuwaandalia kitu huwa amewavunjia heshima. Pande mbili zilikutana chini ya paa moja, kila moja ikishangaa ukosefu wa adabu wa mwenziwe.

Kwa hesabu ya waumini, Rabai haikumpa Krapf mavuno. Mtu wa kwanza kubatizwa, Mringe, alikuwa mlemavu aliyekaribia kufa. Wengine waliofuata katika miaka yake walihesabika kwa vidole. Wakosoaji wake Ulaya walitaja uchache huo mara nyingi, naye mwenyewe ulimuuma.

Ila kituo hicho cha mlimani kikawa mahali pa kuanzia safari. Rebmann aliiona theluji ya Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848. Krapf, naye, alifika Vuga, Usambara, kwa Mfalme Kimweri mwaka huo huo, na mwaka uliofuata akaenda Ukambani. Tarehe 3 Desemba 1849, akiwa Kitui katika himaya ya mfanyabiashara mashuhuri Kivoi, aliuona kwa mbali mlima wenye vilele viwili vyeupe. Jina alilolisikia kwa Wakamba akaliandika kwa tahajia kadhaa, mojawapo ikiwa Kenia. Wataalamu wa jiografia mjini London, hasa William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kufika Afrika Mashariki, walicheka madai ya theluji karibu na ikweta. Jina hilo lilipewa koloni zima mwaka wa 1920.

Safari ya pili ya Ukambani, mwaka wa 1851, karibu imwue. Msafara wa Kivoi ulishambuliwa karibu na Mto Tana, Kivoi akauawa, na Krapf akatoroka peke yake porini. Alibeba maji ndani ya mtutu wa bunduki, akatembea usiku na kujificha mchana. Alipofika kwa jamaa za Kivoi, walimlaumu kwa kuwa hai ilhali mwenyeji wake alikuwa amekufa, ikambidi atoroke tena. Alipojitokeza Rabai, tayari habari za kifo chake zilikuwa zimeenea.

Afya ilimshinda. Aliondoka mwaka wa 1853, na ingawa alirudi kwa muda mfupi miaka ya 1860 kuwasaidia Wamethodisti kuanzisha kituo chao Ribe, hakuishi tena pwani. Alikaa Kornthal, karibu na Stuttgart, akaoa tena, akaandika kitabu kikubwa cha safari zake kilichotoka kwa Kijerumani mwaka wa 1858 na kwa Kiingereza mwaka wa 1860. Rebmann alibaki Rabai hadi mwaka wa 1875, alipopelekwa nyumbani akiwa kipofu, naye akafariki Kornthal mwaka uliofuata.

Kilichobaki na Krapf ni daftari alilolianza Mombasa. Tayari mwaka wa 1850 alikuwa amechapisha mjini Tübingen kitabu cha misingi ya sarufi ya Kiswahili. Alikuwa pia ameamua, tangu mapema, kuiandika lugha kwa herufi za Kirumi badala ya za Kiarabu. Uamuzi huo haukuwa wa kitaaluma pekee, maana alitaka kuitenga lugha na athari za Uislamu. Lakini hakuzidharau kazi zilizoandikwa kwa hati za zamani. Alikusanya miswada ya tenzi, ukiwemo Utenzi wa Tambuka, na mwaka wa 1854 akaipeleka Ujerumani, ambako ilihifadhiwa.

Kwa miaka ya uzeeni aliendelea kuyapanga maneno. Kiswahili chake ni Kimvita, Kiswahili cha watu wa Mombasa waliomfundisha, na tahajia yake ina lafudhi ya Kijerumani inayomchekesha msomaji wa leo. Askofu Edward Steere alikuwa amekwisha kuchapisha kitabu chake juu ya Kiswahili cha Unguja mwaka wa 1870, na ni Kiunguja kilichochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu katika mkutano uliofanyika Mombasa, mahali pasipotarajiwa kabisa, mwaka wa 1928. Hata hivyo, waliotunga kamusi baadaye, akiwemo A.C. Madan, walichota sana kwenye kisima cha Krapf, kwa kuwa alieleza maneno kwa kirefu, akitaja vyombo, vyakula, mila na misemo ambayo bila yeye isingeandikwa wakati huo.

Krapf alifariki Kornthal tarehe 26 Novemba 1881, akiwa na umri wa miaka 71. Alikutwa amepiga magoti kando ya kitanda chake. Kamusi yake, yenye kurasa zaidi ya 400, ilitoka London mwaka wa 1882, miaka 38 baada ya siku ile ya Juni alipokaa na kadhi kuanza kitabu cha Mwanzo.